Jino la Esta na Panya Niliyemuua

Jumapili, mwezi wa kumi na moja. Asubuhi: manyunyu tangu alfajiri, baadaye jua dhaifu. Nguo za jana bado mbichi kambani.

Baba Furaha wangu,

Leo shajara yangu imekaa pembeni, nakuandikia wewe. Kule ningeandika mistari miwili tu: jino la Esta limeng'oka, nami nimeua panya. Wewe ungetaka yote, na ungecheka mpaka ushike mbavu.

Mjukuu wako sasa ana miaka sita. Ulipotuacha hakujua kufunga viatu. Siku hizi anafunga vyake na vya mapacha wa Nalongo, jirani yetu wa mlango wa pili. Binti yetu ndiye anayekaa kwenye kibanda chako pale soko la Owino. Wateja wakiuliza, "Mzee wa viatu yuko wapi?" Furaha anawajibu, "Mzee ni mimi. Unavaa namba ngapi?" Hata ile sauti ya kukataa kupunguza bei ni yako.

Panya walikuwa kazi yako, na nadhani wao pia walipata habari za msiba. Walianza na gunia la unga ninalonunua soko la Kalerwe, wakamalizia na kitenge changu cha kijani. Sikuvumilia. Jumamosi ya wiki iliyopita alipita yule muuza dawa na kipaza sauti chake, akitangaza kwamba panya akionja hiyo dawa hana hata muda wa kuaga. Nikanunua. Niliiweka juu kabisa ya ukuta, chini ya bati, mahali mkono wa mtoto haufiki.

Jumatatu Esta akauma muhindi wa kuchoma, na jino la mbele likabaki kwenye muhindi. Shangwe iliyoje! Nikamwambia tulirushe juu ya bati, kama tulivyofanya sisi utotoni kule Bukavu, panya alichukue ampe jipya. Akanitazama mimi bibi yake kwa huruma. "Koko, hao ni panya wa Kongo. Wa hapa wanapitia nyuma ya kabati, na wanaacha pesa." Mapacha walikuwa wamemfundisha. Basi akaliweka nyuma ya kabati, juu ya kifuniko cha chupa.

Jumanne asubuhi, jino lipo. Jumatano, lipo. Mimi sikujua kwamba hiyo pesa ya panya hutolewa na watu wazima! Hakuna aliyeniambia.

Alhamisi chumba kikanuka. Nikavuta kabati. Ee Baba Furaha. Panya alikuwa amelala chali, miguu juu, karibu kabisa na kile kifuniko. Na Esta alikuwa nyuma yangu, na begi lake la shule mgongoni.

"Koko, alikuwa anakuja kuchukua jino langu!"

Alikuwa na haki ya kuona hivyo. Kuanzia hapo akaufunika mdomo kwa kiganja. Uji aliunywa amegeukia ukuta. Aliamini kabisa kwamba atazeeka na lile pengo, na kwamba ni mimi niliyemfanyia hivyo. Na Jumapili hii ndiyo aliyopangiwa kuanzisha wimbo wa watoto kanisani, peke yake, mbele ya watu wote. "Siimbi," akasema kupitia kiganja.

Furaha alicheka vibaya, ikabidi atoke nje. Nalongo, anayeniita bibi kwa lugha ya hapa, naye hakunisaidia: "Jjajja, umeua mfanyakazi wa serikali!" Mimi sikucheka. Mtoto huyu alikuwa ameacha kunishika mkono tukivuka barabara. Alishika mfuko wangu badala yake. Hilo liliniuma kuliko kitenge.

Ijumaa jioni nilikuwa nachambua maharage. Akaja, akakaa mbali kidogo, kisha karibu kidogo.

"Koko, yule panya alikuwa na watoto?"

Nikasema panya wote wana watoto, tena wengi kuliko tunavyotaka.

Akafikiri. "Basi watoto wake watafanya kazi yake. Kama Mama, kwenye kibanda cha Babu."

Nikainama nikatafuta mawe kwenye maharage ambayo hayakuwa na mawe.

Alipolala nilipanda kwenye kiti, nikaitoa dawa yote na kuitupa chooni. Kisha nikachukua jino, nikaacha sarafu. Jumamosi kulipambazuka kwa kelele. "Mtoto wa panya amekuja! Koko, amekuja!" Alikimbia na ile sarafu mlango kwa mlango. Nalongo alimwambia, "Mpe Jjajja nusu, ni rafiki wa panya huyo." Tukacheka, na yeye akacheka, pengo likiwa wazi kama dirisha.

Na asubuhi hii ameimba. Alianzisha juu mno, wenzake wakapata taabu kumfuata, lakini mdomo aliufungua mpaka mwisho. Nilikuwa benchi la tatu. Nilijizuia nisisimame.

Sasa unga uko ndani ya debe lenye kifuniko, na dawa sitaileta tena humu ndani. Ninapoandika, kuna mmoja anakwaruza nyuma ya kabati, nami nimemwacha, ana kazi. Jino la pili limeanza kucheza. Nimemuuliza Furaha meno ya utoto huisha lini, akasema ni miaka, Mama, mpaka magego.

Siku ya kukuzika nilikunong'oneza kwamba nitakufuata upesi. Ulisikia? Basi nimebadilisha nia. Jitengenezee chai, usiniwekee kikombe. Nakuahidi nitakuja na habari za kila jino.

Pumzika vema, mzee wangu.

Mama Furaha

Saa nne na robo usiku. Nazima taa.