Boti ya Mwenyekiti Ndiyo Itangulie

Mpendwa mshauri,

Naomba msaada wako upesi kabla sijazama, na ujue kabisa kwamba nitakuwa mtu wa kwanza kuzama akiwa amefungwa kamba gatini, maana boti yangu haijawahi kuondoka pale tangu siku aliyeniuzia alipoiegesha, akanikabidhi funguo, akanipa mkono na kwenda zake.

Mimi ni muuza mapazia, nina duka langu na mafundi wa kushona, na boti niliyonunua ni ile ya starehe hasa, ya injini mbili, ina vyumba vya kulala, jiko, choo, na sebule niliyoitundikia mapazia mazito yenye bitana, na nikisema ukweli hayo mapazia ndiyo kitu pekee humo ndani ninachokielewa. Kuiwasha naweza. Kuizima naweza sana. Kinachonishinda ni kuichomoa katikati ya boti za wenzangu, na baya zaidi kuirudisha kinyumenyume mahali pake, kwa sababu boti haina breki, mshauri, hilo hakuna aliyeniambia wakati wa kununua, ukishaiambia basi yenyewe inaendelea tu na mambo yake mpaka ikutane na kitu.

Mwanzoni mke wangu alikuwa anakuja kila Jumamosi na kofia yake pana na mikate aliyoifunga vizuri, anakaa pale mbele, ananiuliza, "Baba, leo tunakwenda?" nami namjibu, "Wiki ijayo mama, leo upepo siuelewi," na wiki ijayo ikifika namwambia mawingu, na ile nyingine namwambia nasikia injini ina mlio. Visingizio vikaanza kuniishia, ndipo nikapata wazo la kuanzisha chama. Nilikuwa nimeona kwamba wenye boti kama yangu pale gatini nao wanakaa tu kwenye boti zao wakisugua vyuma, tunapungiana mikono asubuhi, tunapungiana tena jioni, nikajisemea hawa watu wanahitaji kiongozi, tena mtu akiwa kwenye kikao hakuna anayemuuliza mbona hujasafiri.

Chama kikapokelewa kwa mikono miwili. Makamu wangu ni daktari wa meno, katibu ni mpima ardhi mstaafu, na mweka hazina ni mama mmoja mjane mwenye kiwanda cha mikate, mtu wa kusema lililo moyoni. Tuna kofia nyeupe zenye ukanda wa dhahabu, tuna bendera ambayo rangi yake bado inajadiliwa (makamu anataka bluu, katibu anauliza bluu ipi), na tuna katiba niliyoiandika mwenyewe, na humo kwa ujanja wangu nikapenyeza kifungu kinachosema kwamba katika safari yoyote boti ya mwenyekiti ndiyo itangulie, na mwanachama yeyote asiondoke gatini kabla ya mwenyekiti kuondoka. Niliona nimemaliza kazi, maana mimi nisipoondoka hakuna atakayeondoka, na asipoondoka mtu hakuna wa kunilinganisha naye. Kifungu kilipita kwa makofi, daktari wa meno alisimama kabisa kuyapiga.

Sasa kikao kilichopita tumefika kwenye mengineyo, watu wameshashika kofia waondoke, mama wa mikate akanyoosha mkono akasema, "Samahanini jamani, hiki ni chama cha wenye boti au cha wenye kofia?"

Waliokuwa wameshasimama wakakaa tena.

"Mimi nataka twende pale kisiwani tule chakula cha mchana turudi," akaendelea. "Mwenyekiti atangulie kama katiba inavyosema."

Katibu akaanza kukagua viatu vyake, makamu akasema, "Naunga mkono, mradi mwenyekiti atangulie," na kabla sijapata neno la kusema wakapitisha kwamba safari ni Jumapili ya mwisho wa mwezi, nami nimekaa pale jasho jembamba linanitoka chini ya ukanda wa dhahabu.

Nikapanga kwenda nyumbani kuumwa. Lakini mke wangu alipopata habari alifurahi hadi akapiga kigelegele jikoni, palepale akampigia simu mama yake na kumwalika awe mgeni rasmi kwenye boti yetu. Mshauri, mama mkwe wangu ndiye yule ambaye siku niliyokwenda kujitambulisha alinitazama toka juu hadi chini, akawauliza wazee wangu mbele yangu, "Na huyu muuza mapazia atamfikisha wapi binti yangu?" Wazee wangu wakakohoa tu. Mpaka leo swali lile halijajibiwa, na boti hii niliinunua ili iwe ndiyo jibu, sasa atakuja kupanda jibu lenyewe na kuliona limekwama.

Kuna la pili, nalo naliandika kwa uchungu. Nadhani mke wangu ana uhusiano na fundi wa injini wa pale gatini. Siku hizi haniulizi tena kama tunakwenda, ameacha kabisa. Kila Jumatano ananiaga kwamba anakwenda kwa dada yake kujifunza kufuma, na mpaka sasa sijaona hata soksi moja. Anarudi pua imeungua jua, viganja vimekuwa vigumu na nguo zinanukia dizeli. Juzi alipitiwa na usingizi kwenye kochi mchana, nikamsikia kwa masikio yangu anasema, "Taratibu... nyuma kidogo... kulia... hapohapo, usiguse!" Nilitoka nje nikakaa kwenye ngazi, nikashindwa hata kurudi dukani. Na yule fundi akimwona mke wangu anasimama wima na kumpigia saluti, wakati mimi mwenye boti ananiambia, "Vipi mzee." Juu ya yote hayo kuna mtu ananiibia mafuta, maana mshale unashuka na boti haiendi popote, tena kamba nakuta zimefungwa kwa fundo zuri ambalo si langu, fundo langu nalijua, ni lile la kiatu. Mafuta namshuku mlinzi.

Sasa naomba uniambie mambo mawili. Je, ni vibaya sana nikilegeza nati moja ya injini asubuhi ya safari kabla wageni hawajafika? Na huyu fundi, nimkabili ana kwa ana au nimweke kwenye ajenda?

Ni mimi,
Mwenyekiti wa Gatini

*

Mwenyekiti,

Pole. Sasa weka hiyo spana chini, iweke mbali, kisha rudi ukae tuongee. Injini inayobeba watu haichezewi ili kuficha aibu ya mtu, na ukiigusa hiyo nati nitakuja mwenyewe kukuvua hiyo kofia.

Barua yako niliisoma mara ya kwanza kwa huruma, mara ya pili nikiwa nimeshika mbavu. Unapima madirisha ya watu kila siku, ndugu yangu, pazia likipungua upana wa kidole unaliona, lakini nyumbani kwako kumefunguliwa dirisha zima na hukuona kitu.

Hebu tuanze na mwizi wa mafuta. Mwizi gani anakuibia dizeli halafu anakufungia kamba vizuri kuliko ulivyoziacha? Mwache mlinzi wa watu apumzike. Tuje kwa fundi. Wapenzi wa siri hawapigiani saluti mbele ya mume, wanajitia hawajuani. Na mwanamke anayetoka kwa mpenzi wake ananukia marashi, harudi nyumbani ananukia tangi na pua imebabuka. Saluti anapigiwa nani? Viganja vigumu ni vya nani? Na hayo maneno ya usingizini, nyuma kidogo, kulia, hapohapo, usiguse, mtu mwenye boti anayeyasikia na kufikiria kitanda badala ya gati, huyo kweli hajawahi kuegesha boti.

Mwenyekiti, mkeo anaendesha. Anaendesha boti yako kila Jumatano wakati wewe uko dukani unagombana na mteja juu ya pindo, anaitoa, anazunguka nayo, anairudisha kinyumenyume na kuifunga, fundi ndiye aliyemfundisha, na akija kochini anarudia somo. Siapi, mimi sikuwepo. Ila nimesoma barua za wanaume wenye wivu hadi nywele zimebadilika rangi, na sijawahi kupata fumanizi lenye ushahidi wa hivi.

Sasa mahali ambapo niliacha kucheka. Umeandika, kwa haraka, kana kwamba ni jambo la kupita tu, kwamba zamani alikuwa anakuja na kofia yake na mikate yake anauliza kama mnakwenda, na siku hizi haulizi. Nilikasirika hapo, nakwambia ukweli. Mkeo alikaa mbele ya boti iliyofungwa Jumamosi baada ya Jumamosi, akisikilizishwa habari za upepo, na badala ya kumwambia maneno manne, "Mke wangu, mimi siwezi," ukaenda kuunda chama kizima chenye makamu na bendera. Ulimnunulia boti mama mkwe. Mkeo hakutaka jibu la mama yake, alitaka kwenda, basi. Ulipomchosha akajifunza mwenyewe, na akafanya siri ili usiaibike. Hiyo siri ni heshima aliyokuwekea, na wewe unataka kuiweka kwenye ajenda!

Jiulize pia kwa nini alipiga kigelegele. Mtu hamwiti mama yake kuja kutazama boti isiyoondoka. Amemwita kwa sababu anajua itaondoka, na anajua nani ataiondoa, anangoja tu umfungulie mlango wa kulisema.

Kuhusu wanachama wako, usiwaogope hata kidogo. Watu wazima wenye boti zao hawawezi kupigia makofi kifungu kinachowazuia kuondoka mpaka wewe uondoke, labda kama kimewaokoa. Daktari wa meno hakusimama kwa sababu ya heshima yako, alisimama kwa kushukuru. Katibu naye alikagua viatu kwa sababu hata yeye hajui kuiondoa yake. Mmekusanyika pale kundi zima la watu wasiojua kurudi nyuma, kila mmoja akiamini ni yeye peke yake, mkajipa kofia. Huyo mama wa mikate pengine anajua kuendesha, pengine amechoka tu kutojua. Mheshimu, ndiye mwanachama wako pekee.

Utafanya hivi. Leo ukifunga duka usipitie gatini, nenda nyumbani moja kwa moja. Usimvizie Jumatano, usinuse nguo zake, usimuulize habari za soksi. Kaa naye, mwambie, "Mama, sijui kurudisha boti nyuma, sijawahi kujua, nimekuwa nikikudanganya habari za upepo. Nifundishe." Kisha nyamaza. Atacheka, na umwache acheke mpaka amalize, amekidai kicheko hicho muda mrefu. Muombe radhi kwa yale uliyomfikiria, na ukikutana na fundi mpe mkono kabla hajakuuliza vipi mzee.

Kwenye kikao kijacho simama useme wazi kwamba huwezi kuendesha. Usiogope kimya kitakachofuata, baada yake utasikia watu wakivuta pumzi. Halafu mtafute huyo fundi awafundishe wote, mmoja mmoja, na bendera ingoje.

Jumapili ya safari asishike usukani mtu asiyejua, hata kama ana ukanda wa dhahabu, maana maji hayasomi katiba. Nimekisoma kifungu chako kwa makini. Kinasema boti ya mwenyekiti ndiyo itangulie, hakisemi nani awe kwenye usukani. Kwa hiyo itangulie. Mkeo akae mbele kwenye usukani, wewe shika kamba na yale maboya ya ubavuni ya kuzuia boti isigonge, ukisikia "usiguse," usiguse.

Mama mkwe mkaribishe sebuleni, mpe kiti kizuri na kinywaji, acha yale mapazia yako mazito yakiwa yamefungwa. Mkishatoka gatini bila kugonga mtu, najua atauliza tena, wakwe hawasahau: utamfikisha wapi binti yake? Wewe usijibu haraka. Fungua pazia la mbele, amwone mwanawe ameshika usukani na kofia yake pana kichwani, kisha umwambie, "Kisiwani, mama. Ila mimi ndiye ninayefikishwa."