Kura Iliyoharibika Makorora

Makorora,
Tanga.
9 Novemba 1958

Mpendwa Dada Mwatima,

Shikamoo. Natumai barua hii itakukuta mzima, wewe, Shemeji Ame na watoto, na kwamba mguu wa mama sasa unakanyaga vizuri. Mvua za vuli huko Wete zimeanza? Sisi huku tu wazima, alhamdulillahi, ila joto halisemeki. Tafadhali msomee mama barua hii yote, usiruke mahali. Nataka asikie kwangu kabla hajasikia kwa wasafiri wa Tanga, maana hao neno hawalipunguzi, huliongeza.

Unajua kwamba mwezi wa tisa tulipiga kura. Huko kwenu mwaka jana walipiga wanaume tu. Huku hata mwanamke mwenye darasa la nane aliruhusiwa, na mwenzio kwa ualimu wangu nikaandikishwa. Sheria ilitaka kila mtu atie alama tatu: kwa Mwafrika mmoja, Mzungu mmoja na Mhindi mmoja. Ikipungua moja, karatasi yote inatupwa. Mume wangu Haji ni katibu wa tawi la chama hapa mtaani, na alizunguka nyumba kwa nyumba akifundisha hivyo, mimi nyuma yake nikiwafundisha wanawake. Aliwaahidi wakubwa wake kwamba Makorora haitaharibika kura hata moja.

Tulishinda. Lakini zilitajwa pia kura zilizoharibika. Zimetoka mtaa gani hakuna ajuaye, karatasi zote zilichanganywa, ila watu wa hapa hawakutulia mpaka wampate mtu. Wakamwangushia jumba bovu Mzee Jumbe, jirani yetu yule mwenye minazi Ushongo, eti kwa sababu macho yake hayaoni vizuri na alikaa sana kwenye chumba cha kura. Toka hapo akipita penye kahawa mtu husema, "Hesabu mpaka tatu, Mzee." Akaacha kupita. Hata sala ya alasiri akawa anaisalia nyumbani.

Katikati ya hayo akaja mgeni, bibi wa Kizungu aitwaye Misi Hedli. Anafundisha chuo kikuu cha kwao, na kazi yake ni kuchunguza jinsi watu wanavyopiga kura na kwa nini. Alitaka mwanamke wa kumfasiria ili apate kuingia mpaka uani, nikapatikana mimi, jioni baada ya masomo. Majina aliyatoa kwenye daftari la wapiga kura, kila la kumi, awe tajiri awe nani.

Wiki ya kwanza ilikuwa kichekesho. Mgeni kaingia, kakaribishwa, kaletewa chai na vitumbua, ndipo anauliza uchaguzi mliuonaje. Nani atamwambia mgeni neno la kumuudhi ndani ya nyumba yake? Kila mtu akajibu kwamba uchaguzi ulikuwa mzuri, na yule Mzungu tuliyempa kura ni mzuri kuliko wote. Misi akaandika, akaandika, siku ya saba akaweka kalamu chini. Akaniambia kwa majibu haya Tanga nzima ina mtu mmoja tu.

Akabadilisha njia. Akatengeneza karatasi ya mfano, haina jina la mtu, ina mafungu matatu tu kama ile ya kura. Anakupa penseli, anakuomba ufanye ulivyofanya siku ile, kisha umweleze. Aliahidi kila nyumba kwamba linalosemwa mle halitoki, nami nikaapa kwa Msahafu kuilinda ahadi hiyo. Loo, Dada, mkono hauna adabu kama ulimi! Watu wakaanza kusema. Mmoja alimchagua Mhindi fulani kwa sababu dukani kwake hapunji mizani. Mwingine alifuata alama za mkwewe, ili kusiwe na maneno nyumbani. Misi hakumcheka wala kumsahihisha mtu. Aliuliza tu kwa nini, akangoja.

Tukafika kwa Mzee Jumbe, na haya yake mwenyewe keshaniruhusu kuyasema. Aliinamia karatasi, pua inaigusa, akachukua muda wake, akatia moja, mbili, tatu, kila alama mahali pake. Uso ulinishuka. Kiapo kilinizuia kutoka nje kumtetea, na aliyeharibu kura nilikuwa namjua.

Jina la mwisho kwenye orodha lilikuwa langu. Misi akanipa penseli. Nikatia alama moja, ya Mwafrika, nikamrudishia. Ndivyo nilivyofanya siku ile, kwa makusudi, na nilijua inatupwa. Akauliza kwa nini. Nikamweleza kwamba miezi miwili nilikuwa nikisema maneno ya Haji, na nilipojikuta peke yangu, hakuna wa kunichungulia, nikaona huyu mmoja ndiye ninayemtaka na wale wawili siwataki. Hilo sijuti. Ninalojuta ni kunyamaza huku mzee wa watu anasimangwa.

Siri yangu haikuwa ndani ya kiapo. Nikaenda kwa Mzee Jumbe, nikapiga magoti, nikamwambia yote. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Mimi najijua, mwanangu. Nenda kawaambie wasionijua."

Ijumaa nikasimama kwenye mkutano wa tawi, nikawaambia. Wapo walioguna, wapo walionisonya. Wanaume wanne wakaondoka papo hapo kwenda kumwomba mzee radhi. Haji alifunga daftari lake akatoka.

Nyumbani akaniuliza mbona sikumwambia kabla. Nikamjibu, "Hukuniuliza. Uliniagiza." Hatukusemezana siku tatu. Niliogopa, Dada, sikufichi. Nilishaanza kuwaza kama mama atanipokea huko nikirudi na sanduku langu.

Siku ya nne tumekaa kula, Haji akaacha tonge sahanini akasema, "Haya. Wale wawili, kwa nini hukuwataka?" Nikamwambia, sababu moja baada ya nyingine, na hakunikatiza hata mara moja mpaka wali ukapoa.

Mwambie mama asiwe na wasiwasi, nipo kwangu. Nisalimie Shemeji Ame, Mama Mdogo Semeni na kaka Mjaka. Haji naye anawasalimu. Mola awape afya na riziki ya halali, na atukutanishe tungali na nguvu za kucheka.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Mastura