Kartoni ya vita yetu

Vulamba, siku ya ine, mangaribi

Mais mimi ni mujinga kweli! Basoda benye bunduki banapekua manyumba, na chini ya kitanda yangu kuko kartoni ya muchezo wetu wa vita, ni ramani: Butembo, Beni, na mishale nyekundu yenye tulichora. Nani ataamini kama ni muchezo tu?

Mama akasema: "Mwana wangu, choma ile kitu mbele bafike!"

Nikaichoma. Vifuniko vya bia, ndio basoda betu ba muchezo, vikabakia.

Zamani, kila muchezo ukiisha, rafiki yangu Kambale alikuwa anaokota bale benye kufa chini ya meza, anabaita: "Muamuke, batoto, vita imeisha!" Hakuwa anaacha hata mumoja.

Tangu Pasaka Kambale iko mu vita ya kweli, kule Oicha. Akianguka, nani atamuokota?