Nilimtumia Picha ya Theluji

Jumamosi, 4 Oktoba
Zamu ya alfajiri tena. Nimepiga reki mlima mzima kabla wateja hawajafika. Mlima wenyewe uko ndani ya jengo, umefunguliwa juzi juzi tu. Theluji inatoka kwenye mitambo. Kazi yangu kuifanya iwe laini kama unga, kisha kuimwaga kwa beleshi juu ya miti ya plastiki. Watelezaji wanapenda kupita katikati ya miti, na miti iwe myeupe. Nje Maskati inaungua, ndani meno yanagongana.
Nimepiga picha kati ya miti, nimeshika mbao za kutelezea. Nimemtumia mke wangu Mwajuma, Nzega. Nilitaka acheke.

Jumatatu, 6 Oktoba
Hakucheka. Kaandika: "Baba Zuhura, Uarabuni kuna theluji tangu lini?" Anaamini nimeshavuka kwenda Ulaya, nimemficha. Nimemweleza ni jengo, kama friji kubwa.
"Friji lenye msitu?"
Nilicheka peke yangu. Halafu nikaumia.

Jumatano, 8 Oktoba
Simu za video za mtandao huku hazishiki. Nimetoka kwenye jua la Ansab, mtaa wetu hapa Maskati, nikajirekodi, vibao vya Kiarabu nyuma yangu. Kajibu ni video ya zamani. Baba yake anasema mume anayeficha alipo ana mke mwingine huko. Wanataka talaka.

Jumamosi, 11 Oktoba
Msimamizi wetu, Bi Thuwaiba, kanikuta nalia nyuma ya miti. Ni Mwomani, wazee wake walitoka Unguja. Nikamwambia yote.
"Ndo unalilia hilo, Shabani? Nipe namba ya mkeo. Nnamwambia mwenyewe sasa hivi."
Nilifurahi. Mkubwa wa kazi ataaminiwa. Akamwambia kwa upole mimi ni mfanyakazi wake, niko Maskati, nnampenda mke wangu sana. Ana sauti ya msichana, Bi Thuwaiba.
Akaitazama simu. "Mbona kakata?"
Jioni ujumbe wa Mwajuma: "Mwarabu gani anaongea Kiswahili kitamu vile? Umempa mke mwenzangu simu anibembeleze!"
Nzega nani anajua kwamba huku kuna majumba mazima yanaongea Kiswahili cha Unguja? Mimi mwenyewe nilishangaa nilipofika. Sikuwahi kumsimulia. Mjinga mimi.

Jumanne, 14 Oktoba
Nimeomba likizo nikajionyeshe mwenyewe. Bi Thuwaiba kaniombea kwa wakubwa. Wamekataa. Mlima mpya, watu wanajaa, likizo mpaka mwakani. Nimemwandikia Mwajuma anisubiri.
Leo nimesahau miti. Mteja kalalamika kuwa ni ya kijani.

Alhamisi, 16 Oktoba
Baba mkwe kapiga. "Mwachie binti yangu, kijana. Usimfunge kamba na wewe uko mbali."
Nikaomba nimsikie mwenyewe. Mwajuma akashika simu. Hakutaja Ulaya. Hakutaja mwanamke. Alisema amechoka kungoja, basi. Miaka minne amekuwa akilala na simu.
Lile la Ulaya ningeweza kubishana nalo. Hili sikuweza.
Nikatamka talaka moja. Sauti ilitoka ndogo. Akasema, "Asante, baba Zuhura." Bora angenitukana.

Ijumaa, 17 Oktoba
Mapumziko. Nimefua. Shati lilikauka kabla sijamaliza kuanika suruali. Nimeswali, nimelala, nimeamka, bado ni mchana.
Zuhura kapiga kwa simu ya babu yake. Mama yake kamwonyesha ile picha. Kauliza kama theluji inaliwa. Nikamwambia niliwahi kuiramba, haina ladha yoyote.
"Niletee."
Nikamwambia itayeyuka njiani, mwanangu, huku ni mbali.
"Basi njoo nayo mbio, baba."