Wino wa Jepkoech na Aya ya Saba

Jumatatu, 3 Februari 2025

Printa imegoma. Saa tatu asubuhi, katikati ya ombi la Mama Wangui wa Sachangwan! Ukurasa wa pili ulitoka nusu, kisha skrini ikatangaza kwa Kiingereza kwamba wino huu si wa kampuni iliyounda mashine, na kwa hiyo hautatumika. Hautatumika — wino ambao umeandika maombi ya wateja wangu miaka minne. Nilizima, nikawasha. Nilichomoa katriji, nikaipangusa kwa leso. Jibu lile lile. Mama Wangui aliuliza kama mashine imekufa. Nikamjibu kwamba haijafa, imekataa. Akasema basi hiyo ni mbaya zaidi.

Nilimalizia kwa mkono. Mwandiko wangu ungali na heshima yake. Ombi lenyewe ni zito: shemeji yake alimletea karatasi, akamshika kidole gumba, akakigandamiza. Shamba la marehemu mumewe likahama. Mama alitaka tuandike kwamba kidole si chake. Nikakataa. Nilimwambia: kidole ni chako, Mama, tueleze kilivyofika pale.

Kisha nikamsomea yote, neno kwa neno. Ndiyo sheria ya kibanda hiki — hakuna anayetia kidole kwenye karatasi asiyosomewa. Alinirudisha nyuma mara tatu. Nimechoka.

Jumanne, 4 Februari

Nimepanda ghorofa ya pili kwa Jepkoech, ambaye hujaza katriji tupu kwa sindano na kuziuza upya. Wateja wanne walikuwa wamemzunguka, kila mmoja na katriji yake mkononi mithili ya ushahidi.

— Mathe, umetuuzia feki!

— Feki? Januari ilikuwa inaprinti poa, si ndiyo? Sasa ufeki wake ulikuwa umeenda likizo?

Mmoja alicheka. Hakuna aliyeondoka.

Aliponiona alishusha mikono. "Haa, wakili amekuja. Hata wewe, Mzee Nicodemus?" Nikakiri kwamba hata mimi. Akanieleza: kampuni imetuma apdeti kwa njia ya intaneti, na mashine zimeamriwa zikatae wino wa mtu mwingine yeyote. Mmoja wa wale wanne alikuwa ametoka Gilgil na kuapa kumtangaza huko kuwa mwizi. Jambo hilo ndilo linalomuumiza. Anasema kibanda kinaweza kuhamishwa, jina haliwezi.

Nimejitolea kumwandikia malalamiko. Sikuombwa.

Alhamisi, 6 Februari

Wauzaji wa wino kumi na wawili wametia sahihi. Asubuhi tumeyatuma malalamiko kwa baruapepe kwa afisi ya Nairobi inayosikiliza magomvi ya wafanyabiashara. Nimeandika: "Iweje aliyeuza jembe amfuate mkulima hadi shambani kumchagulia mbegu?" Jepkoech alisema, mzee, si uandike tu wametuharibia kazi. Nimeliacha jembe.

Alasiri afisa mmoja wa huko alipiga simu. Sauti ya mtu aliyeshiba. Alisema maneno ya wauzaji pekee hayatoshi. Yahitajika hati ya kiapo ya mtumiaji ambaye mashine yake ilibadilishwa bila idhini yake. Ifike kabla ya Ijumaa ya wiki ijayo, la sivyo faili inafungwa.

Jepkoech alishajua mtumiaji huyo ni nani. Alinitazama tu.

Jumamosi, 8 Februari

Hati yangu ya kiapo imekamilika. Aya tisa. Ya saba ndiyo nguzo: "Kwamba sikuombwa idhini, wala sikuitoa." Nimeisoma kwa sauti mara nyingi. Imesimama wima!

Jepkoech alileta chai ya chupa. Nilimsomea. Akapiga paja: "Hapo saba, mzee, hapo ndipo wataanguka." Nilifurahi kupita kiasi. Nayakiri hayo hapa, kwa kuwa hapa hapana msomaji.

Jumatatu, 10 Februari

Nimekumbuka.

Nilikuwa napangusa vumbi kwenye printa — vumbi la mwezi huu halina adabu — kidole kikapita juu ya skrini. Ijumaa, tarehe thelathini na moja Januari. Watu watano kwenye foleni. Mashine ilisimama, ikaleta maandishi ya kushuka na kushuka, na chini kabisa: nimesoma, nimekubali. Nikabonyeza. Sikusoma hata mstari mmoja.

Mimi!

Jumanne, 11 Februari

Asubuhi nzima nimetafuta maneno. "Kubonyeza si kuridhia." "Idhini isiyo na ufahamu si idhini." Yote yamesimama vizuri. Yote yana harufu ya karatasi ya shemeji yake Mama Wangui.

Saa sita alikuja mwenyewe kuchukua nakala yake. Aliuliza habari za mashine. Nikamwambia kila kitu. Sijui kwa nini yeye.

— Na nani alikusomea?

— Hakuna, Mama.

— Wewe! Na mimi hunisomea mpaka shingo inauma!

Alicheka hadi akashika meza. Kisha akauliza kama mashine ingeendelea na kazi nisipobonyeza. Nikasema isingeendelea. Basi, akasema, hiyo nayo ilikushika kidole. Akakunja nakala, akaitia ndani ya leso. Mlangoni aligeuka: "Lakini kidole ni chako. Si ndivyo uliniambia?"

Jumatano, 12 Februari

Naandika haya kwenye benchi la Bwana Njuguna, kamishna wa viapo. Watu wawili mbele yetu. Jepkoech amevaa gauni la kanisani. Jana wengine sita walimrudishia katriji. Ananong'ona kwamba Bwana Njuguna akishapiga muhuri tu, atambandikia nakala yule wa Gilgil usoni.

Hati ilichapwa saibakafe. Asubuhi, kabla Jepkoech hajafika, niliikata aya ya saba kwa kalamu, nikaandika juu yake: "Kwamba kidole kilichobonyeza ni changu, kwamba sikusoma, kwamba mashine haikukubali kufanya kazi mpaka nibonyeze." Haina mdundo. Pembeni nimeacha nafasi ya kamishna kutia sahihi ya kuthibitisha marekebisho.

Sijamwambia. Nilitaka kumwambia ngazini. Alikuwa anasalimia watu.

Mtu mmoja ameingia. Amebaki mmoja.

— Mzee, leta hiyo karatasi nione ile saba yangu tena.

Nimesema wino haujakauka. Akacheka, eti wino gani huo wa kunitisha mimi. Nimempa.

Anasoma kwa kidole, tangu mwanzo, taratibu, kama nilivyowazoeza watu wote. Aya ya nne. Ya tano. Karani ametoka na kuita jina langu. Jepkoech hajasikia. Ya sita. Karani ameita tena.

Kidole chake kimesimama.