Nani Atapika Pilau Msituni

Samara, 9 Machi 2003. Mwaka wa tatu huu tangu niondoke nyumbani kuja kazi za ujenzi.

Kwako Mama Savsan,

Salamu nyingi sana. Hujambo? Mama yangu hajambo, na magoti yake je? Savsan, niliyemwacha ananyonya, anakula? Mimi mzima, ila mgongo unanisumbua. Tunapiga lipu ghorofa ya sita na upepo wa mto unaingia hadi kwenye meno. Barua hii anakuletea Nazrullo wa kule kinuni. Mpe chai, hataki kulipwa.

Sasa nisikilize. Walioshuka na treni juzi wameniambia mnapanga kwenda msituni, kule kwenye miti ya jozi, maua ya tulipu yakichanua. Nyumba nzima. Wameniambia mdogo wangu Shodmon ameshaomba lori la shamba.

Sijakataa. Mama anayapenda maua yale tangu usichana wake. Lakini nauliza, nani atapika pilau? Unajua mwenyewe, pilau ya matembezi hupikwa na mwanamume mwenye nyumba. Alipika baba, na alipofariki nikashika mwiko mimi. Sasa Shodmon, kwa kuwa ni kitinda mimba na nyumba ya wazazi ni yake, anataka na sufuria pia? Mimi nabeba zege huku ili paa lake lisivuje. Pikeni supu. Pilau ningojeeni.

Nimesema wazi kwa sababu sijui kusema vingine. Shule niliiacha mapema.

Mumeo,
Baba Savsan


Khovaling, 30 Machi 2003

Kwako Baba Savsan,

Assalamu alaikum. Sisi wazima, tunakuombea na mgongo wako. Mama anasema magoti ni yale yale, ila siku za jua anajikokota hadi langoni. Savsan anakula akisimuliwa hadithi, asiposimuliwa hali.

Barua yako niliisoma kwa sauti kama kawaida, maana Mama huisubiri. Nilipofika kwenye supu nikataka kuruka, kumbe Shodmon amesimama nyuma yangu anasoma. Alicheka hadi akakaa chini. Akasema, "Shemeji, mwambie kaka anitumie mikono yake kwa treni, nitapikia hiyo." Mama akamwambia afunge mdomo, kisha akacheka na yeye.

Mume wangu, hakuna anayepanda mlimani kwenda kula supu. Majirani watapita kwenye mkeka wetu watuulize tumefiwa na nani. Mwaka juzi hatukwenda kwa sababu hupo. Mwaka jana hatukwenda kwa sababu hupo. Maua yenyewe hayakai hata wiki mbili, na Mama anasema hajui ana majira mangapi tena ya kupanda lori. Savsan hajawahi kuyaona. Kila akiamka anauliza kama nayo yameamka.

Tutakwenda Aprili ikikaribia kwisha. Nipe neno jema, niende nikiwa na furaha.

Mkeo,
Mama Savsan


Samara, 12 Aprili 2003

Kwako Mama Savsan,

Salamu kwako na kwa wote. Mimi mzima wa mwili.

Safarali, mtoto wa mwalimu, amefika kutoka huko. Tumemkaribisha kwenye kontena tunamolala, tukamkalisha karibu na jiko, akawa anatupa habari za kijiji. Alisema alimwona Shodmon sokoni amebeba mtoto wa kike shingoni, akamsifu kwamba amepata binti mzuri. Kumbe binti ni wangu. Nikamuuliza, mtoto alikuwa anamwitaje?

Safarali akatazama kikombe chake. "Baba," akasema. "Lakini usijali, kaka. Mtoto humwita hivyo mwanamume yeyote anayemwona nyumbani."

Hikmat, yule mwenye jino la dhahabu, akasema nishukuru ni ndugu, si jirani. Nilimrushia kiatu.

Usinielewe vibaya. Sikushuku wewe, wala simshuku yeye kwa ubaya. Ningekuwa nashuku ingekuwa rahisi, ningekuja kupigana. Mimi naionea wivu shingo yake. Mwanangu atayaona maua kwa mara ya kwanza akiwa juu ya shingo ile, na atakapokuwa mkubwa atakachokumbuka ni nywele za Shodmon. Nikipandisha ndoo ya lipu nawaza hilo, nikishuka nawaza hilo.

Kwa hiyo wengine waende. Wewe na Savsan msiende. Nitampeleka mimi. Hilo ndilo neno langu, na usilisome kwa sauti.

Baba Savsan


Khovaling, 27 Aprili 2003

Kwako Baba Savsan,

Assalamu alaikum. Sote wazima.

Barua yako ilifika asubuhi ileile ya safari. Lori lilikuwa linanguruma langoni. Mama ameshakaa mbele, kajifunga shali yake mpya. Magodoro, mchele na karoti viko nyuma, na Savsan yuko juu ya magodoro na gauni lake la hariri ya atlasi. Nilisoma nikiwa nimesimama kwenye lori. Kisha nikashuka, nikamshusha mtoto.

Shodmon aliuliza kuna nini, nikampa barua. Safari hii hakucheka. Akazima injini, akasema basi tusiende sote. Mama akashika mpini wa mlango kama anayetaka kushuka, halafu akasema, "Washa, mwanangu. Mimi sina mwaka mwingine wa kumsubiri." Wakaondoka.

Savsan alilia hadi sauti ikakauka. Alipochoka akaniuliza nani amekataa. Nikamwambia ni baba. Akasema hapana, baba ndiye anayeendesha lori. Ikabidi nimweleze kwamba yule ni ami yake, na baba yake ni mtu mwingine, yuko mbali, na ndiye aliyekataa.

Alifikiri sana. Waliporudi jioni akamkimbilia Shodmon akamwita ami. Shodmon akaingia ndani bila kula. Kwa hiyo ulichotaka umekipata. Lakini nikuambie na lililobaki. Sasa mwanao anajua kuna mtu anaitwa baba, na kitu kimoja tu anachojua juu yake ni kwamba alimkataza maua. Jana ameniuliza kama mtu huyo atakuja nyumbani kwetu. Hakuuliza kwa hamu.

Sikuandikii kwa hasira. Hasira ilikuwa siku ile.

Mkeo,
Mama Savsan


Samara, 18 Mei 2003

Kwako Mama Savsan,

Salamu. Magoti ya Mama yaliwezaje mlima? Alifurahi? Niambie alifurahi.

Barua yako niliisoma nimekaa juu ya ndoo, nikaisoma tena, nikaenda kuosha uso. Sina la kujitetea. Wala wivu haujaniisha, nisikudanganye. Hata sasa nikifikiri ni Shodmon aliyemwinua Mama kumpandisha lorini, mdomo wangu unakuwa mchungu. Ila nimeona heri nimwonee wivu nikiwa hapo hapo, ananiona na mimi namwona.

Nimemwambia msimamizi naondoka. Akasema jengo halijaisha na nafasi yangu atampa mwingine. Ampe.

Najua maua ya chini yameshanyauka. Lakini juu kabisa, theluji inapochelewa kuyeyuka, nayo huchelewa. Mwambie Shodmon awaulize wachungaji wa mifugo kama bado yatakuwepo. Aendeshe yeye. Na kama mtoto atataka kubebwa na yeye, ambebe, mimi nitatembea kando.

Jambo moja nakuomba. Savsan usimwambie kwamba baba anakuja. Mwambie anakuja mgeni. Wageni amefundishwa kuwakaribisha.

Natarajia kufika katikati ya Juni.

Baba Savsan