Ua Liitwalo Mlango wa Nyuma

KINUE SAKANASHI
1909–1972

Mwaka umetimia leo, Dada Kinue, tangu ulipotutoka asubuhi ya mvua za Juni, airisi zako, yale maua yako ya uani, zikiwa zimechanua zote, nasi tusijue tulie kwanza au tuzifunike kwanza. Mumeo Yasuji alizifunika. Alisema ungemgombeza kama angeanza na kulia.

Mtaa unakukumbuka kwa tofu, jibini ya soya uliyoiuza dukani kwetu. Alfajiri mikono yako ilikuwa tayari ndani ya maji baridi, na kila mjane aliyekuja na bakuli alikatiwa kipande kinene kuliko alicholipia. Ukiulizwa, unasema kisu kimeteleza.

"Kisu chako kinateleza kila siku, Mama Tofu," alikwambia bibi wa nyumba ya kona.

"Basi niombee kisije kikanyooka," ukamjibu.

Lakini sisi wa nyumbani tunakukumbuka ukiwa umechuchumaa uani, nyuma ya duka, juu ya visanduku vya mbao vya kukamulia tofu vilivyokwisha chakaa. Vina matundu chini, maji hayatuami. Humo ndimo ulimosia mbegu zako za airisi kila vuli, ukaziacha nje zipigwe na baridi, kwa sababu mbegu hiyo isipoonja baridi haioti. Yasuji alilalamika kwamba visanduku vizima navyo vinatoweka kimoja kimoja. Ulimwambia vimezeeka. Aliondoka akinung'unika kwamba hata yeye amezeeka, asije akaamka amejazwa udongo.

Sasa tuseme mbegu hizo zilikotoka. Miaka yote umetukataza. Leo hutukatazi.

Ulikuwa na miaka kumi na mitatu ulipopelekwa kuosha vyungu kwa akina Kumabe, wakubwa wa Chama cha Skrini ya Dhahabu. Mji mzima unakijua chama hicho. Baba humrithisha mwana kiti, na hakuna mche wala mbegu inayotoka nje ya ukuta wao. Kila Juni airisi huingizwa ukumbini ndani ya vyungu, huwekwa mbele ya skrini ya dhahabu, kile kiambaza cha kukunjwa kilichopakwa dhahabu, na mabwana hupiga magoti kuzitazama bila kusema neno. Wewe uliingilia mlango wa nyuma na ndoo yako, ukatokea huko huko. Vuli ikifika, kazi yako ilikuwa kuchoma maganda ya mbegu ili mtu wa nje asipate hata punje.

Ganda moja halikuingia motoni. Liliingia kwenye mkunjo wa aproni yako.

Wao wanaliita jambo hilo wizi. Sisi hatuoni haya kuliandika gazetini, na tunawauliza: nani alizimwagilia airisi hizo? Nani alibeba samadi? Kuna bwana hata mmoja aliyewahi kuwa na udongo kwenye kucha?

Tangu ganda lile, ulipanda miaka arobaini na sita mpaka ukalipata ua ulilolitaka. Wakati wa vita tuliamriwa kung'oa maua na kupanda viazi vitamu. Ulipanda viazi, na katikati ya matuta mawili ukaacha mstari mmoja wa majani ambao mkaguzi aliambiwa ni dawa ya tumbo. Kila mwaka ulichagua ua mama, ukakata petali zake ili nyuki asipate pa kutua, ukalipaka chavua ya ua jingine kwa unyoya wa shomoro, ukafunga uzi mwekundu kwenye kikonyo. Kisha ukangoja miaka mitatu ili mche uchanue. Mbegu mia za ganda moja huleta maua mia yasiyofanana, na tisini na tisa kati yake hayana maana.

Hata hivyo hukung'oa mche kabla ya siku ya tatu ya ua lake la kwanza. Mdogo wako Tamotsu alikuwa na haraka ya kila kitu. "Dada, hili ni baya, litupe!"

"Leo ni siku ya kwanza, Tamo. Hata wewe siku ya kwanza ulikuwa na sura mbaya. Mama alitaka kukurudisha."

Ua lenyewe lilikuja mwaka wa 1968. Habari zilifika kwa Bwana Kumabe kwamba Mama Tofu ana airisi, akaja na katibu wake nyuma. Ilikuwa siku ya kwanza. Petali zilikuwa bado zimekunjamana. Bwana Kumabe alicheka mpaka kofia ikamtoka.

"Kinue, hii ni leso ya mtu mwenye mafua!"

Hukukasirika. Ulimwokotea kofia, ukaifuta, ukampa. "Karibu tena keshokutwa, Bwana."

Tulikuuliza kwa nini unatabasamu. Ndipo ukatueleza jambo ambalo waosha vyungu tu wanalijua. Ukumbini ua huingizwa siku yake ya tatu, likishakunjuka lote. Wanaolichagua na kulibeba ni watumishi. Yule bwana ana miaka hamsini ya kuhukumu airisi, na hajawahi kuliona ua la siku ya kwanza maishani mwake.

Keshokutwa yake katibu alipita kununua tofu. Akachungulia uani. Aliondoka mbio, tofu akaiacha. Nusu saa baadaye Bwana Kumabe alikuwa amesimama kati ya ndoo zetu, amekamata kofia kwa mikono miwili. Ua lilikuwa jeupe, pana kama sahani, ukingo wake una uzi wa zambarau, na petali moja ya kushoto ina kovu dogo jekundu kama limechomwa na sindano.

"Mbegu ni za chama," alisema hatimaye. "Lilete. Tutaliandika kwa jina la chama, nawe utapewa pa kukaa ukumbini."

"Pa kukaa wapi, Bwana?"

"Karibu na mlango."

"Mlango upi?"

Bwana Kumabe akaigeuzageuza kofia yake.

"Basi jina limepatikana," ukasema. "Linaitwa Mlango wa Nyuma. Tofu utachukua ngapi?"

Ulisema hutalificha kama wao. Ulisema likifikisha machipukizi mia utaligawa mtaa mzima, maana ukigawa mapema watapata wachache tu, kitakuwa chama kingine. Ulikuwa unahesabu kila Juni. Ulituacha yakiwa themanini na nane.

Siku ya arobaini na tisa tangu kifo chako, Bwana Kumabe alikuja kukuwashia ubani. Tulimpokea kwa adabu, tukampa chai. Aliomba kwenda chooni, na choo chetu kiko uani. Kesho yake binti yako Michiyo alikuta shimo kitaluni, ukubwa wa bakuli la wali. Tulimsingizia paka. Paka wa watu, masikini.

Wiki iliyopita Michiyo alilipa kiingilio, akapiga magoti mbele ya skrini ya dhahabu. Ua jipya la mwaka. Jeupe. Uzi wa zambarau. Kovu jekundu, petali ya kushoto. Kibao kinasema: "Heshima ya Kasri, limeoteshwa kwa mbegu na Bwana Kumabe."

"Binti, sogea," alimwambia mzee wa nyuma yake, "wengine nao wanataka kuona."

"Naona kwa niaba ya mama yangu," Michiyo akajibu. "Hakuwahi kupewa nafasi."

Tumeandika barua kwa chama. Hatukujibiwa. Yasuji alisema tuweke kufuli. Tamotsu alitaka kwenda kulibeba ua mwenyewe, na unamjua Tamotsu. Michiyo akawauliza wote wawili mama alikuwa anahesabu nini. Wakaenda kuhesabu. Hata baada ya shimo lile, Dada, machipukizi yamefika mia na nne.

Basi Jumapili hii, mara maua yakishapita, tunayagawa. Saa tatu asubuhi, uani kwetu. Mtu aje na chungu, sufuria iliyotoboka, kiatu, chochote chenye tundu chini. Hakuna malipo. Sharti ni moja: ukiulizwa jina la ua, ulitaje kama alivyolitaja yeye, na useme nani aliliotesha. Juni ijayo litachanua kwenye nyumba mia na nne, na waweke kibao chao wanachotaka.

Bwana Kumabe naye tunamkaribisha. Foleni ni moja, na inapitia mlango wa nyuma.

Wanaokukumbuka ni mumeo Yasuji, anayeendelea kukata vipande vinene na kusema kisu kimeteleza. Binti yako Michiyo na mumewe Haruomi. Mjukuu wako Saori, aliyeandika vibao vyote mia na nne kwa mkono wake. Na mdogo wako Tamotsu, ambaye hajasahau kitu tangu azaliwe na hana nia ya kuanza sasa.

Kila Juni ijayo, Dada, utatajwa.